Usiguse Waya Huu

Januari, Canora, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Bandani ndege yangu imefunikwa mablanketi mawili puani
na koti nililokuwa nikivaa kukamulia ng'ombe.
Orysia Babiak amelala chali chini ya tumbo lake,
tochi mdomoni. Bisibisi inamteleza,
anatamka neno ambalo hakulipata kanisani.

Iliundwa mwaka hamsini na nane. Mimi niliitangulia miaka saba.
Kila mwezi kama huu tunapimwa sote wawili:
yeye hapa, juu ya saruji, vifuniko vyote wazi,
mimi Yorkton, kwa daktari kijana mwenye mikono ya barafu.

Hewa inasukumwa ndani ya silinda, nasi tunategea sikio.
Ya kwanza, sabini na nne juu ya themanini.
Ya pili, sabini na mbili.
Ya tatu, hamsini na sita, na mluzi mwembamba
unavuja kwenye bomba la moshi,
kama mtu anayepanda ngazi
na hataki mkewe asikie anavyohema.

"Vali," asema Orysia.

Kisha anakata kichungi cha oili kama kopo la samaki,
anakunjua karatasi yake chini ya taa, mkunjo kwa mkunjo,
akitafuta kinachong'aa.
Chembe mbili, ndogo kuliko mayai ya chawa.
Anazitia kwenye bahasha, anaandika tarehe.
"Hizi tutaishi nazo."

Ukiona vyaelea vimeundwa, walisema wahenga.
Hawakusema vinaundwa mara ngapi,
wala fedha zinatoka wapi.
Trekta dogo nililiuza. Na ile safari ya Kelowna
Vera bado anaitaja kila nikifungua jokofu.

Mwaka huu, skrini.
Mwanangu Taras ndiye aliyeshikilia: "Baba, unarusha makumbusho."
Basi zikang'olewa geji sita za mviringo,
ikang'olewa pampu yake iliyokuwa ikikohoa,
ikang'olewa redio yenye uzito wa mwanakondoo.
Nyuma ya dashibodi: nyaya za kitambaa, nyaya za plastiki,
kiota cha panya chenye ngano ya msimu nisioukumbuka,
na waya mmoja wa njano, umefungiwa kikaratasi
kwa uzi wa kushonea magunia.
Kalamu ya risasi, herufi za mtu asiye na haraka:
*Usiguse waya huu. Einar. Machi 1967.*

Orysia aliufuata kwa kidole. Unapanda kando ya mlango,
unaingia kwenye bawa, haurudi.
Aliupima: hauna umeme.
Tulifungua daftari la zamani, Machi ya mwaka huo:
*Nimebadili tairi. Hali ya hewa nzuri.*
Basi.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo mkononi.
Mimi nikamimina chai.
"Ndege yako," akasema.
"Leseni yako," nikasema.

Tulibadili silinda. Tulibadili mipira, breki, taa ya mkia,
tukaweka mikanda ya mabegani,
maana zamani waliamini kufunga tumbo kunatosha.
Waya tuliupitishia skrini pembeni, kwa heshima,
kama barabara inayokwepa kaburi.

Kwenye mizani ilikuwa imepungua kilo kumi na moja.
"Na wewe?" Orysia akauliza, kalamu tayari.
Nikajipunguzia nne.
Akanitazama. Akaandika zile za kweli.

Aprili, theluji imebaki mitaroni tu.
Nimeiinua saa moja asubuhi, peke yangu.
Skrini inanichorea anga la buluu juu ya ardhi ya kahawia,
na dirishani ni vilevile, anga na ardhi,
bila tarakimu.
Silinda ya tatu inaimba na wenzake.
Juu ya shamba la akina Prokopchuk, futi elfu mbili,
mkono wangu wa kulia ukashuka wenyewe chini ya dashibodi,
ukapapasa, ukaupata.

Una joto.

Orysia sijamwambia bado.